Ulanzi wa Siku ya Tatu

Chuo cha Ualimu, Iringa
11 Januari 1976

Mdogo wangu Apolonia,

Ulanzi ni utomvu unaotiririka kutoka katika chipukizi la mwanzi lililokatwa ncha, ukakingwa kwa kopo la mwanzi liitwalo mbeta. Naanza hapo, kabla hata ya salamu, kwa sababu swali lako la mwezi uliopita haliwezi kujibiwa mpaka jambo hili liwe wazi. Utomvu uliokingwa alfajiri na kunywewa kabla jua halijapanda ni maji matamu. Watoto wa kwetu Dabaga huyanywa wakienda shule. Utomvu huohuo ukikaa huchacha, na ukishachacha ni pombe kama pombe nyingine. Kinachotenganisha hali hizo mbili si mwanzi wala mbeta, bali ni saa.

Sasa salamu. Kamwene. Mimi sijambo, na Mama hajambo, isipokuwa goti lake la kushoto linalomsumbua nyakati hizi za mvua.

Unaandika kwamba maziwa yako ni haba, na kwamba mkweo, Mama Ng'washi, alikuuliza mbele ya wanawake waliokuja kupandikiza mpunga: "Ninyi Wahehe watoto wenu mnawanyonyesha nini, hotuba?" Naelewa jinsi utani huo unavyochoma kwa mwanamke aliye mbali na mama yake, katika mji wa watu waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukuma, ambao lugha yao bado hajaimudu. Hata hivyo swali lenyewe ni la haki, na lina jibu.

Mama alitunyonyesha sisi watoto sita kwa ulanzi mtamu. Nimelitafakari jambo hili na sioni sababu ya kulipinga: sukari iliyomo humpa mzazi nguvu, na maji yaliyomo huongeza maziwa. Basi Mama ataukinga, na Asukile, dereva wa lori anayepita hapa kuelekea Mbeya, atakuletea dumu moja. Siku moja ya barabarani haiwezi kuharibu kitu.

Kunywa kikombe cha bati asubuhi na kingine jioni. Na kila mwanao Maganga anapopimwa kliniki, niandikie uzito kama ulivyo kwenye kadi yake. Ushauri usiopimwa ni maneno matupu.

Msalimu mumeo, shemeji Shija.

Kaka yako,
Liberatus Kalinga


Chimala
2 Februari 1976

Kaka Liberatus,

Shikamoo. Kamwene. Hapa tu wazima wote, mvua ni nyingi na majaruba yamejaa.

Dumu limefika. Lilifika siku ya tatu, maana lori lilivunjika springi Makambako. Asukile alinikabidhi huku anacheka: "Dada Apolonia, mpokee mgonjwa wako, njia nzima ananguruma!" Lile gunzi la kuzibia lilikuwa limeruka lenyewe na povu limemlowesha viatu. Nikamwambia, "Shemeji, vilikuwa vinataka kuoshwa." Akasema basi kesho ataniletea na suruali.

Nimeumimina katika ile mbeta niliyotoka nayo nyumbani nilipoolewa. Sikuiosha, kama Mama alivyotufundisha, kwamba mbeta ikioshwa ulanzi unakosa pa kuanzia. Nakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, kama ulivyoagiza. Kifua kinapata joto na mwili unalegea vizuri. Kaka, tangu nije huku sijawahi kulala vizuri hivi.

Na Maganga ametulia. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba analia mpaka anakauka sauti? Siku hizi ananyonya kidogo, analala, mpaka ng'ombe warudi ndiyo anafumbua macho. Bibi yake, kama ilivyo desturi, anamwita mume wake. Jana alimwinamia akasema, "Mayu! Huyu mume wangu analala kama katoka kilabuni. Nani kamnunulia?" Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Hakuna aliyeniuliza tena habari ya maziwa. Tafadhali mwambie Mama atume tena, Asukile amekubali kupita kila baada ya wiki mbili.

Mdogo wako,
Apolonia


Chuo cha Ualimu, Iringa
17 Februari 1976

Mdogo wangu Apolonia,

Barua yako imenifurahisha kuliko ninavyopenda kukiri. Mtoto aliyekuwa akilia sasa ametulia. Mtoto hulia kwa njaa na hutulia kwa shibe. Kwa hiyo mtoto ameshiba, na aliyemshibisha ni mama yake. Huo ni mfuatano mzuri wa hoja, nami nimeutumia. Jarida la chuo limeniomba makala juu ya maarifa ya wazee wetu, na nimeandika kurasa nne zinazoonyesha kwamba wanawake wa Uhehe walijua lishe ya mzazi kabla ya vitabu kufika. Sikukutaja kwa jina. Nimeandika tu "mama mmoja kijana wa Chimala". Walimu wenzangu wameisoma. Mwalimu Gideoni, ambaye hasifu kitu, ameisifu.

Nilizungumza pia na Kalista, muuguzi anayetufundishia somo la afya. Mazungumzo yalikuwa marefu na nitakueleza siku nyingine.

Hukuniandikia uzito. Naamini umesahau kwa furaha. Mtoto alikuwa na kilo tano na nusu Desemba. Kadi ya Januari na ya Februari zinasemaje? Nahitaji tarakimu hizo kwa ajili ya makala, kabla haijapelekwa kupigwa chapa.

Dumu la pili limekwenda na Asukile juzi.

Kaka yako,
Liberatus Kalinga


Chimala
9 Machi 1976

Kaka Liberatus,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta bila mume; Shija amekwenda na ng'ombe kule mbugani, huenda akakaa mwezi.

Uzito ni huu. Januari kilo tano na robo tatu. Februari kilo tano na robo tatu. Mwezi huu kilo tano na robo. Nesi Esta amechora nukta kwenye kadi na nukta imeanguka chini ya mstari. Aliniuliza nakula nini. Nikasema ugali, mboga, maziwa ya mgando. Akasema pengine ni mafua, watoto wengi wana mafua msimu huu.

Kaka, nataka kukuuliza na usinicheke. Je, ni kawaida mtu anayekunywa ulanzi mtamu asinzie akiwa anaosha vyombo? Juzi nilisinzia kisimani, ndoo ikazama. Na Maganga naye anashika titi, anavuta mara mbili tatu, halafu linamtoka mdomoni kabla sijahisi maziwa kushuka. Namtekenya nyayo ili aamke, anafumbua jicho moja, analifumba. Nikikaa muda mrefu bila kunywa, ndipo ananyonya kwa nguvu kama zamani, lakini baadaye analia, na akilia wanakuja kuuliza. Kwa hiyo nakunywa.

Siku hizi ni vikombe vitatu. Kile cha tatu ni cha mchana, maana mchana ndiyo mrefu.

Niambie la kufanya, nami nitalifanya. Wewe ndiye uliyesoma.

Mdogo wako,
Apolonia


Chimala
27 Machi 1976

Kwa Mwalimu Liberatus Kalinga,

Anayeandika ni Nesi Esta wa kliniki ya hapa. Maneno ni ya Mama Ng'washi, mama yake Shija. Ameniagiza niyaandike kama anavyoyatoa, nisiyapambe.

Baba Mwalimu, salamu. Mjukuu wangu yuko hospitalini siku ya tano. Kifua kimembana, homa kali, na mwili wake mwepesi kama wa kifaranga. Daktari anasema homa ya mapafu inampata mtoto yeyote, ila huyu imemkuta hana akiba. Mama yake yuko naye. Maziwa yamekatika kabisa. Tunampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, anayameza kidogo.

Mimi nilikwenda kutafuta kanga za mkwe wangu nikalikuta lile kopo lake la mwanzi nyuma ya gunia la mpunga. Nikanusa. Nikaonja. Baba Mwalimu, mimi si mgeni wa pombe, kwetu tunapika na tunakunywa. Hii haikuwa maji ya mti. Marehemu mume wangu angekunywa vikombe viwili vya hii angemsahau hata ng'ombe wake kwa jina. Nikaimwaga.

Nilimuuliza Apolonia, nani kakwambia unywe hii na mtoto kifuani? Nikamuuliza tena. Akasema, "Kaka aliniandikia." Mimi nikadhani anaficha mtu, maana nilijua kaka yake ni mwalimu wa walimu.

Mimi nilifanya mzaha kwamba mtoto analala kama mlevi. Nilikuwa na macho na pua, na nilifanya mzaha. Hilo ni langu, sikusukumii wewe. Nakuuliza hili moja tu, na Esta analiandika: ni kweli uliandika?

Ng'washi, mama wa Shija
(alama ya dole gumba)


Chuo cha Ualimu, Iringa
6 Aprili 1976

Mdogo wangu Apolonia,

Nimemjibu Mama Ng'washi kwa sentensi moja: ni kweli, niliandika. Wewe unastahili zaidi ya sentensi moja.

Barua yako ya Machi ilifika hapa tarehe 15. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaelewa yote kabla sijakaa. Siku ileile niliandika simu ya upepo ya maneno matatu: ACHA ULANZI KABISA. Sikuipeleka posta. Nilijiambia kwamba mwalimu hatoi amri bila kuithibitisha, kwamba nipime kwanza. Karatasi ile ilikaa katika mtoto wa meza siku kumi na sita, mpaka barua ya mkweo ilipofika. Iko mbele yangu ninapoandika.

Lakini hata tarehe 15 Machi si mwanzo. Tarehe 13 Februari Kalista aliniambia, mbele ya ubao wa darasani, kwamba ulanzi uliosafiri si ulanzi mtamu tena. Kwamba pombe anayokunywa mama hupita kwenye damu na kuingia katika maziwa yake. Kwamba mtoto hunyonya kidogo, husinzia, na wajinga humsifu kuwa mpole. Kwamba maziwa yenyewe huchelewa kushuka. Alisema hivi hasa: "Mwalimu, mtoto mtulivu anayepungua uzito hajashiba. Amelewa." Nilimjibu kwamba hayajui mazingira ya Uhehe. Kisha, siku nne baadaye, nilikuandikia kwamba mazungumzo yetu yalikuwa marefu. Ukweli ni kwamba yalikuwa mafupi. Iliyokuwa ndefu ni makala yangu.

Jumamosi iliyopita nilifanya nilichopaswa kufanya Januari. Nilileta ulanzi kutoka Dabaga, nikautia katika mbeta isiyooshwa, nikauacha. Siku ya kwanza ulikuwa mtamu. Siku ya pili ulichoma ulimi. Siku ya tatu nilikunywa vikombe viwili, kiasi kilekile nilichokuandikia, nikaketi kusahihisha madaftari. Nilisahihisha matatu. La nne nililisahihisha mara mbili bila kutambua, na mara ya pili nikampa mwanafunzi yuleyule alama tofauti.

Mimi ni mwanamume wa kilo sabini.

Nimeirudisha makala mikononi mwangu na kuwaeleza wenzangu sababu. Hayo ni madogo. Sijui kama barua hii itamkuta Maganga hai. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na kuifuta mara tatu. Hukujua ulichokuwa unakunywa. Mimi nilijua, na nilinyamaza. Lawama ni yangu peke yangu, na nakuomba usiigawe na mtu.

Liberatus


Ilomba, Mbeya
30 Mei 1976

Kaka Liberatus,

Shikamoo.

Maganga yu hai. Nilipaswa kukuandikia mapema, najua ulingoja. Tulitoka wodini Aprili, tukarudishwa, tukatoka tena. Sasa niko hapa Ilomba kwa Asukile na mkewe ili niwe karibu na kliniki ya Mbeya, kila Jumanne tunampeleka. Ana kilo sita na nusu. Anacheka. Ana miezi minane na bado hajaketi. Ukimketisha anainama taratibu mpaka paji la uso linagusa mkeka. Daktari nimemuuliza kama ni ile pombe. Akasema huenda ni homa, huenda ni njaa, huenda ni pombe, huenda ni mtoto wa kuchelewa tu, wapo. Akasema, "Mama, hakuna kipimo cha kunijibia hilo."

Maziwa hayakurudi. Mama Ng'washi alikuja na ng'ombe wake mmoja mwenye ndama, ameacha wengine kwa ajili ya mjukuu wake. Anamkamua mwenyewe, anachemsha, anapoza, anamnywesha. Mtoto akimsikia anakohoa nje anageuza shingo. Mimi nikimchukua anakubali, lakini hageuzi shingo. Hajaninyima neno, huyu mama. Asubuhi ananiambia, "Haya, mke mwenzangu, mshike mume wetu, nikaoge." Ananipa ili nami niwe na kazi.

Sasa lile la barua yako. Nimeisoma mara nyingi. Umechukua lawama yote ukaifunga vizuri kama mtu anayefunga mzigo wake, hukuacha hata kamba inayoning'inia. Lakini kaka, mimi ni mtoto wa Dabaga. Nimekua chini ya mianzi ile. Unadhani gunzi likiruka na povu kutoka sijui maana yake? Nilijua siku ya kwanza, Asukile akiwa bado hajawasha lori. Dumu la pili nililiacha kwa makusudi mpaka siku ya nne, kwa sababu lilikuwa linapendeza zaidi.

Ningekuambia, ungeacha kutuma. Kule Chimala, mle ndani, kulikuwa na watu kumi na wawili, wote wakiongea Kisukuma, wote wema, na mimi nikicheka wanapocheka. Nikinywa, nilikuwa kama nimekaa jikoni kwa Mama na hakuna anayenitafsiria kitu. Ile kadi ya Februari niliiona. Nilifunika nukta kwa kidole kila nilipoishika, kana kwamba ungeiona. Na swali langu la Machi, kama ni kawaida kusinzia, jibu nilikuwa nalo. Nilitaka wewe ndiye uninyang'anye kikombe, ili nisiwe mimi niliyekiweka chini.

Ulisema nisiigawe lawama. Mimi naigawa.

Mdogo wako,
Apolonia


Chuo cha Ualimu, Iringa
20 Juni 1976

Mdogo wangu Apolonia,

Nilikwenda Dabaga wiki iliyopita nikamweleza Mama yote, yangu na yako. Alinisikiliza huku akichambua maharage. Nilipomaliza aliuliza, "Nani alikwambia uupeleke kwa lori?" Nikasema, Mama, wewe mwenyewe uliukinga. Akasema, "Mimi nilidhani mnaupeleka kwa shemeji yako. Mzazi nilimwambia lini anywe wa dumu? Mimi nilikuwa nakunywa palepale mwanzini, nimesimama, nyinyi mgongoni." Kisha akasukuma ungo kando na hakuugusa tena siku hiyo.

Sikumwambia kwamba ningeweza kumuuliza swali hilo Januari. Nadhani aliliona mwenyewe.

Kuhusu Maganga, daktari wako ni mwaminifu, nami sitajaribu kukupa hakika aliyokunyima. Kuketi kwake kutakuja au kutachelewa, na hata kukija, hatutajua ni kipi kilichomchelewesha. Niandikie siku hiyo. Ikichelewa, niandikie vilevile. Nami nitakuja Mbeya shule zikifungwa, nimshukuru Mama Ng'washi kwa mdomo wangu, na nikae nawe siku chache, tuongee Kihehe.

Nimekubali ugawaji wako. Lakini umenivuruga kwa namna ambayo hukukusudia. Kwa miaka kumi na moja nimewafundisha vijana hapa kwamba maovu ya nyumbani, vifo vya watoto, utapiamlo, hutokana na kutojua, na kwamba mtu akiambiwa kilicho kweli ataacha kilicho kibaya. Niliirudia kauli hiyo Jumatatu, darasani, na ulimi wangu ukagoma katikati. Kwa sababu Kalista alijua. Mimi nilijua. Wewe ulijua kabla yetu sote. Hata Mama Ng'washi alilitamka jambo lenyewe kwa sauti, mbele ya watu, na sote tukacheka au tukaandika makala.

Kijana mmoja, Ezekia, aliuliza kama ninaumwa. Nikawaambia wafunge madaftari. Sijawafungulia tena somo hilo, maana sijui niwafundishe nini mahali pake. Basi nakuuliza wewe, si kwa ukubwa wangu bali kwa kukosa mwingine wa kumuuliza: ikiwa wote tulijua, kilichokosekana nyumbani mwako na mezani pangu, katika majuma yale yote, kilikuwa nini?

Kaka yako,
Liberatus